Hakuna aliyezama: siku yangu ya kupima bwawa

Saa kumi na moja alfajiri betri zimejaa. Nazipakia kwenye pikapu pamoja na sona (chombo kinachopima kina kwa mwangwi wa sauti), kompyuta, mnyororo na majaketi ya kuokolea, tunatoka Nakuru mjini kuelekea Bahati. Leo ni zamu ya bwawa la shamba moja kubwa.

Saa moja na nusu, boti haijagusa maji, kina mama wawili waliokuja kuteka maji wananiuliza: "Dada, nani amezama?" Karibu kila bwawa naulizwa hivyo. Watu wakiona boti ikienda na kurudi polepole, wanajua inatafutwa maiti. Nawaambia hakuna aliyezama, tunapima tope. Mmoja anashangaa tope linapimwa kwa nini, na swali lake nalipenda. Bwawa linaweza kujaa hadi ukingoni, nusu ya ujazo huo ikawa udongo ulioletwa na mvua kutoka mashambani. Ukisimama juu ya tuta huoni tofauti yoyote.

Saa mbili ni kuhakiki mitambo. Tunashusha bamba la chuma kwa mnyororo chini ya sona, mita moja, mbili, tatu, na kompyuta lazima iseme vivyo hivyo. Sauti husafiri takriban mita 1,480 kwa sekunde kwenye maji yenye joto la nyuzi 20, na joto likibadilika, kasi nayo hubadilika. Mwangwi ukirudi baada ya milisekunde 10, kina ni mita 7.4. Tunatuma sauti za aina mbili kwa pamoja: ya kilohezi 200 (mitetemo 200,000 kwa sekunde) hurudi mara inapogusa tope laini, na ya mtetemo wa chini zaidi, kilohezi 24 hivi, hupenya tope hilo hadi ardhi ngumu ya zamani. Kwenye skrini kila sauti huchora mstari wake, na nafasi iliyo kati ya mistari hiyo miwili ndiyo mashapo, yaani tope lililotuama.

Saa tatu tukaanza kupitisha boti kwa mistari, kutoka ukingo hadi ukingo. Hapo ndipo siku ilipoanza kuharibika.

Tulikuwa tumekubaliana na meneja wa shamba kwamba pampu ya kunyunyizia itazimwa mpaka tumalize. Kijana wetu aliyekaa kwenye kipimo cha ukingoni akapiga simu: maji yanashuka. Nikampigia meneja. Pampu ikazimwa. Baada ya mistari michache ikawashwa tena bila neno, ikazimwa, ikawashwa. Nikarudi nchi kavu.

"Madam," akaniambia, "maji si hayo yamejaa? Mimi nataka namba moja tu, nijue nilete malori mangapi ya kutoa tope."

Nikamwambia namba hiyo ndiyo inayoharibiwa na pampu. Bwawa lake lina ukubwa wa hekta 2 hivi. Uso wa maji ukishuka sentimita 5 nasi hatuna habari, hesabu inakosea kwa mita za ujazo 1,000, yaani malori 100 ya tipa yanayobeba mita 10 kila moja. Akampigia bosi wake. Tukasimama juani, boti imefungwa kwenye mti, betri zinakwisha. Miche yake nayo ilihitaji maji, naelewa, lakini saa alizotupa ndizo hizo hizo alizokuwa akizichukua. Mwishowe pampu ilinyamaza, jua likiwa utosini, tukarudia mistari yote tuliyoitilia shaka.

Chakula kilikuwa chapati na chai ya chupa, ndani ya boti.

Mchana upepo ukaanza, boti ikawa inayumba nje ya mstari. Tulipofika mahali mto unapoingilia, sauti ya chini ikagoma kupenya. Hiyo ni gesi ya majani yanayooza ndani ya tope. Viputo vyake huzuia sauti, na chini yake skrini haionyeshi kitu. Hapo ni kushika fito ya chuma na kuichoma kwa mkono hadi igonge pagumu, kuandika, kusogea, kuchoma tena. Mabega yaliwaka moto. Sikumbuki ilikuwa saa ngapi tulipoacha.

Katikati ya bwawa tuliona ngazi kwenye ardhi ya zamani, upande mmoja umekaa chini kuliko mwingine. Nakuru imekaa juu ya majivu ya volkeno ya Menengai, na ardhi hii ina nyufa. Sona peke yake haithibitishi ufa, lakini inamwonyesha mwanajiolojia mahali pa kuchimba kwanza, na mwenye bwawa linalopoteza maji anahitaji kujua hapo. Nafanya kazi hii nikikumbuka Solai, si mbali na hapa, ambako tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka na watu zaidi ya 40 wakafa. Jirani anayelala chini ya tuta ana haki bwawa hilo lijulikane hadi mwambani.

Usiku nikiwa kwenye kompyuta nafuta mwangwi wa samaki na magugu, meneja akapiga simu. Malori mangapi? Nikamjibu kwamba atapata hesabu ikikamilika, na kwamba sehemu ya gesi itachorwa kwa rangi yake, kwa sababu pale tulitegemea fito na wala si sona. Akasema sawa, na kwamba kesho pampu haitawashwa kabla hajanipigia.