Kupanda na Kushuka Beti kwa Vidole

Mwanzoni mwa mwaka 2010 nilikabidhiwa kazi ya kupanga kurasa za utenzi wa mzee mmoja wa Lamu, mwalimu wa chuo cha Kurani ambaye alikuwa ameutunga kwa miaka mingi na kuuandika kwa hati za Kiarabu katika madaftari ya shule. Wanafunzi wake walitaka kitabu kitoke kabla ya Maulidi, wakati wageni wa pwani nzima wanapomiminika kuelekea Msikiti wa Riyadha, na kwa kuwa Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, mwaka ule ulianza Februari, muda wenyewe ulikuwa umebana.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, Mkomani, na madirisha yake yalitazama bahari. Anayeishi Lamu anajua upepo wa kaskazi unavyobeba chumvi hadi ndani ya makabati. Kompyuta yenyewe ilikuwa nzima, tena ilikuwa na programu ya kupanga kurasa ya InDesign, toleo la CS3, ila kibodi ilikuwa imeingia kutu chini ya vitufe. Kitufe cha Home, cha kurudi mwanzo wa mstari, kilikuwa hakibonyezeki kabisa, na End kilikuwa kikibonyezwa hakitaki kurudi juu, hivyo kishale, ile alama ya mahali unapoandika, kinang'ang'ania mwisho wa mstari mpaka mtu akichokonoe kitufe kwa ncha ya kalamu. Kibodi mpya iliagizwa Mombasa, na kama kawaida ya vitu vinavyoagizwa Mombasa, ilikuja baada ya haja yake kwisha.

Ubovu huo ndio ulionipeleka kwenye dirisha la njia za mkato za kibodi, pale unapochagua vitufe vipi vifanye kazi gani, lakini sikukaa huko kwa ajili ya ubovu peke yake. Utenzi ni maandishi yenye umbo lake. Kila beti ina vipande vinne, kila kipande kina mizani minane, vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina cha bahari ambacho hakibadiliki tangu beti ya kwanza hadi ya mwisho. Anayeyasahihisha maandishi ya namna hiyo hasomi kama anavyosoma gazeti. Huruka kutoka mwisho wa kipande hadi mwisho wa kipande akisikiliza vina, kisha huruka kutoka beti hadi beti akisikiliza bahari. Ukimwambia mtu afanye safari hizo zote kwa kipanya, mkono ukitoka kwenye kibodi na kurudi kila mara, atachoka kabla ya adhuhuri na atakosea mahali pa kubofya.

Programu nayo ina mwendo wake. Ctrl na mshale wa kulia au wa kushoto husogeza kishale neno zima, Ctrl na mshale wa juu au wa chini hukisogeza aya nzima, na ukiongeza Shift, kile ulichokipita huwa kimechaguliwa. Tatizo ni kwamba kompyuta haijui beti. Inajua aya tu. Binti aliyetupigia chapa alikuwa amebonyeza Enter mwisho wa kila kipande na kuacha mstari mtupu baada ya kila beti, kwa hiyo mbele ya programu kila kipande kilikuwa aya inayojitegemea, na mstari mtupu nao aya. Kushuka beti moja kulihitaji mibonyezo mitano. Nilianza basi kwa kuyatengeneza maandishi kabla ya kugusa vitufe. Katika dirisha la kutafuta na kubadilisha niliziweka kando alama mbili za aya zilizofuatana, yaani ^p^p, kwa kuzigeuza kuwa alama ya muda ambayo haikuwamo popote kwenye utenzi. Kisha kila ^p iliyobaki nikaigeuza kuwa ^n, ambayo huvunja mstari bila kuvunja aya. Na mwisho ile alama ya muda nikaigeuza kuwa ^p moja. Tangu hapo beti ikawa aya, kipande kikawa mstari, na nafasi kati ya beti na beti nikaitia kwa mtindo wa aya badala ya mistari mitupu. Kwa maoni yangu nusu ya kazi ya kutembea ndani ya maandishi ni hii. Maandishi yaliyopangwa ovyo hayatembeleki hata kwa kibodi ya dhahabu.

Kisha nikafungua dirisha la njia za mkato, lililo ndani ya menyu ya kuhariri. InDesign hairuhusu seti yake ya asili ya njia za mkato ichezewe. Inakutaka uanzishe seti mpya iliyojengwa juu ya ile ya zamani, na hilo ni jambo la busara, kwani ukiharibu unarudi ulikotoka. Amri zimegawanywa kwa maeneo, na zile za kutembea ndani ya maandishi zimo pamoja na za majedwali: nenda mwanzo wa mstari, nenda mwisho wa mstari, panda aya, shuka aya, nenda mwanzo wa maandishi yote, nenda mwisho wake. Unachagua amri, unabonyeza vitufe unavyovitaka, na hapo chini programu inakuambia vitufe hivyo vimeshikwa na nani tayari. Nilitaka Ctrl na Alt pamoja na I iwe ya kupanda, kwa kuwa kidole cha kati hufika pale bila kutafuta, nikaambiwa kwamba imeshikwa na amri ya kuonyesha alama zilizofichwa. Amri hiyo nilikuwa ninaihitaji kila saa ili nione wapi pana ^n na wapi pana ^p, basi I nikaiachia wenyewe na kusogea herufi ya jirani. Nilitahadhari pia na Alt ikiwa peke yake, maana katika Windows Alt na herufi hufungua menyu, na nilitahadhari zaidi na herufi isiyo na Ctrl wala Alt, ambayo ukiipa kazi katika muktadha wa maandishi hutaweza tena kuiandika. Mwishowe safari zote zikawa chini ya vidole vya mkono wa kulia, nazo Home na End hazikutajwa tena.

Mwalimu alikuja ofisini baada ya sala ya alasiri, akavua viatu mlangoni na kukaa kwenye kiti nilichokuwa nimemwekea kando yangu. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo nilimfungulia utenzi katika dirisha la kuhariri maandishi, ambalo hufunguka kwa Ctrl na Y, na ambamo unaweza kukuza herufi utakavyo bila kuugusa ukubwa wa herufi za kitabu. Hata hivyo hakutazama skrini sana. Alifumba macho, akaniambia nisome, na kila aliposikia kitu kisichomkaa sikioni aliinua kidole.

"Panda yuu, mwanangu. Beti moya."

Nikapanda beti moja.

"Shuka tini. Kipande cha tatu. Hapo pana nini?"

Pale palikuwa na neno "macho" katika beti ambayo vina vyake vingine vilikuwa "moto" na "kito". Binti wa kupiga chapa alikuwa mtu wa Malindi, naye alipolisoma neno la Mwalimu kwenye daftari aliliandika kama anavyolisema nyumbani kwao. Mwalimu alikuwa ameandika "mato", kama Waamu, watu wa Lamu, wasemavyo, na bila "mato" kina kilikuwa kimevunjika. Mtu mwenye haraka angesema: tafuta "macho" kote, weka "mato", basi. Lakini katika beti nyingine, mbele kidogo, Mwalimu mwenyewe alikuwa ametumia "macho" kwa kusudi, kwa sababu kina cha pale kilidai "hicho" na "kificho". Washairi wana ruhusa hiyo, na kompyuta haiwezi kuijua. Ilibidi kila neno la namna ile lifikiwe, lisomwe ndani ya beti yake, na lihukumiwe na mwenyewe.

Hapo ndipo vitufe vilipoonyesha faida yake. Mwalimu alikuwa anakwenda mbele na kurudi nyuma bila utaratibu, akikumbuka kwamba neno alilolisikia sasa alilitumia pia kule mwanzo, na mimi nilikuwa ninamfuata kwa kasi ya maneno yake. Bahari niliikagua kwa kushuka aya mara mbili, jambo ambalo kutoka mwisho wa beti moja linakuvusha beti inayofuata nzima, kisha mshale wa kushoto mara moja, na kishale kinakuwa kimesimama kwenye herufi ya mwisho ya beti iliyopita. Mibonyezo mitatu, beti moja. Rafiki yangu aliniambia baadaye kwamba ningeweza kuandika skripti fupi, yaani amri kadhaa zinazotekelezwa kwa pamoja, na kuipa kitufe kimoja, kwa kuwa dirisha lile linaruhusu hata skripti zipewe njia ya mkato. Ni kweli, lakini mibonyezo mitatu haikunichelewesha, na Mwalimu hakuwa mtu wa kungojewa na skripti.

Umeme ulikatika zaidi ya mara moja, naye akaendelea kunisomea kwa kichwa gizani, nikiandika penseli pembeni mwa karatasi.

Njia za mkato za kujipangia zina ubaya wake, nao ni kwamba vidole husahau za asili. Nilipopeleka faili kiwanda cha uchapaji, Mombasa, mashua hadi Mokowe na basi kutoka pale, nilikuwa nimeitia ile seti yangu kwenye flashi pamoja na fonti, na ilikuwa vyema. Wakati wa kukagua nakala ya mwisho liligunduliwa "macho" moja lililotuponyoka, katika beti iliyo karibu na mwisho. Fundi wa kiwanda alinipisha kitini. Nikabonyeza vitufe vyangu, kishale kikabaki palepale. Yeye alikuwa mtu wa QuarkXPress, programu nyingine ya kupanga kurasa, tangu ujana wake, na kwenye InDesign alikuwa akitumia seti ya njia za mkato za Quark ambayo programu huja nayo. Nilinakili seti yangu kwenye folda ya seti, nikaichagua, nikaenda mwisho wa maandishi kwa kitufe kimoja, nikapanda beti tatu, nikaandika "mato". Kabla ya kuinuka nilimrudishia seti yake ya Quark, akahifadhi faili, na jioni ile wakaanza kutengeneza pleti za kuchapia.