Mpira Uliompita Ngisi

Juzi binti yangu kanirushia funguo kutoka mlangoni, zikaangukia miguuni kwangu. "Mama, mbona wewe ukirushiwa kitu unafumba macho?" Baba yake akacheka. Nikasema nimechoka, usiku umeingia. Uongo mtupu. Macho yangu yana kisa chao, na kisa chenyewe ni cha Ngisi.

Ngisi ndivyo tulivyomwita msichana mmoja niliyesoma naye Chikongola, huko Mtwara. Kwenye rede, mchezo wetu wa kukwepa mpira, hakuwa na mpinzani. Wawili wanakulenga, mmoja huku mwingine kule, nawe uko katikati unajaza mchanga kwenye chupa huku unakwepa. Ngisi alikuwa anajaza chupa, anaimwaga, anaanza upya, kwa kiburi tu.

Siku moja likaja shuleni kwetu boksi la vifaa vya softiboli, mchezo wa kurusha, kupiga na kudaka mpira unaofanana na besiboli. Jinsi lilivyofika nairuka, ina siasa zake. Kulikuwa na mgeni wa kujitolea, wasichana wa darasa la tatu na la nne, na uwanja wenye mkorosho mmoja karibu na lango. Ulikuwa msimu wa mabibo, uwanja mzima unanuka uchachu. Mipira ilikuwa ya njano, mipya, ya watu wazima: mzunguko wake inchi 12, uzito karibu gramu 190. Kiganja cha mtoto wa miaka tisa hakiuzunguki mpira ule. Tuliushika kwa mikono miwili kama nazi iliyofuliwa, na kuurusha tulikuwa tunausukuma kutoka kifuani. Aliyeweza kuurusha kweli alikuwa mmoja tu, msichana wa darasa la nne mwenye mikono mirefu.

Tukapangwa mistari miwili, tunatazamana. Mbele yangu Ngisi, mimi nyuma yake nasubiri zamu. Yule wa mikono mirefu akarusha. Nauona mpaka leo. Mpira unakuja usawa wa kifua, mishono myekundu inazunguka, na Ngisi kanyoosha glovu vizuri kabisa, vidole juu, kama alivyofundishwa dakika tano kabla. Halafu mwili ukakumbuka kazi yake. Bega likashuka, kiuno kikapinda, glovu ikabaki hewani peke yake kwa nukta moja, kisha nayo ikaondoka. Mpira ukapita hapo alipokuwa. Ningekuwa pembeni ningempigia makofi.

Maumivu hayakuja kwanza. Ulikuja mlio, mkavu, ndani ya kichwa, halafu nikajikuta nayatazama majani ya mkorosho. Mwalimu wa michezo alikuja mbio. Shuleni hapakuwa na friji, kwa hiyo akamkimbilia mama aliyekuwa akiuza barafu za ukwaju pale langoni, zile za kwenye vifuko, akanibandika moja juu ya nyusi. Kifuko kilikuwa kimetoboka. Ukwaju ukaniingia jichoni, nikapiga yowe kuliko nilivyopiga kwa mpira, kisha ukachuruzika shavuni hadi mdomoni, na hapo nikawa nalia huku naramba. Ngisi kachuchumaa pembeni. Hakunipa hata pole. Alikuwa anaugeuzageuza ule mpira.

"Mwalimu, kwani huu haukwepwi?"

Kesho yake mipira ya njano ikafungiwa kabatini, tukaambiwa kila mtu aje na soksi kuukuu. Tukazijaza matambara, tukazishona, tukaanza upya kujifunza kudaka. Mpira wa soksi una kasoro zake nyingi. Haudundi, kwa hiyo huwezi kumfundisha mtu kuufuata ukija chini kwa chini. Ukilowa unakuwa mzito. Ukipigwa haufiki popote. Lakini kiganja kinaufunga, na ukikupiga usoni unacheka.

Ukubwani ndipo nikasoma kwamba huko Marekani watoto wa chini ya miaka 10 kwa kawaida huchezea mpira wa inchi 11, na wanaoanza kabisa mara nyingi hupewa ulio laini ndani, ambao ukiubana kwa gumba unabonyea. Nikasoma pia kwamba mchezo wenyewe ulizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi, na mpira wa kwanza ulikuwa glovu ya ndondi iliyokazwa kwa kamba. Sidhani kama mwalimu wetu aliyajua hayo. Alikuwa na soksi na watoto waoga.

Mipira migumu ilirudi kabla ya kufunga shule. Ngisi alidaka wa kwanza aliorushiwa, na wa pili, na akawa ndiye mdakaji wetu. Mimi nilifumba macho. Wengine wawili watatu walirudi kwenye rede na hawakuonekana tena.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia kisa hiki hivi: soksi ndiyo iliyomponya Ngisi, mimi nilichelewa kuipata. Sasa binti yangu anataka kuanza mchezo huo huo, nikaona nimpigie Ngisi simu anishauri kuhusu mpira. Siku hizi anauza samaki soko la Feri, Dar es Salaam, simu yake haikosi kelele.

"Soksi?" akasema. "Mwenzangu, mie zile soksi zilinichosha tu. Glovu nzuri ilikuwa moja, ile nyeusi, na mwalimu alisema atakayedaka mpira mgumu ndiye ataivaa. Niliitaka ile glovu."

Wa sponji nimeununua hata hivyo.