"Core i7" Peke Yake Haitoshi: Soma Namba Yote Kabla ya Kutuma Pesa

Tangazo la laptopu ya mtumba likisema "Core i7, ramu 8, safi kabisa," muuzaji bado hajakwambia kitu. Jina i7 lilianza kutumika mwaka 2008, na prosesa (yaani chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta) zilizopishana miaka kumi na zaidi zimelibeba jina hilohilo. Mnunuzi aliye Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, anayeagiza Kariakoo, Dar es Salaam, ana sababu ya kuwa mkali zaidi: mzigo ukifika si wenyewe, kuurudisha ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli.

Omba namba kamili. Chukua i7-7500U na i5-8250U. Wengi watakimbilia i7. Lakini hiyo i7 ina viini 2, na i5 ina viini 4. Kiini ndicho kinachofanya kazi ndani ya prosesa, kwa hiyo i5 ina mafundi wanne pale i7 ilipo na wawili. Kwa kuandika barua na kujaza Excel ndogo hutaona tofauti kubwa, kwani kazi hizo huegemea kiini kimoja au viwili, na kasi ya juu kabisa ni gigahezi 3.5 kwa i7 na 3.4 kwa i5. Anza kuhariri video ya harusi, au fungua kurasa ishirini za intaneti huku programu ya mauzo inaendelea, ndipo i7 itaachwa nyuma.

Namba inayofuata kistari ndiyo yenye habari. Katika 8250U, 8 ni kizazi cha nane. Ikianza na 10, 11, 12, 13 au 14, soma tarakimu mbili: i5-1135G7 ni kizazi cha 11, wala si cha kwanza. Mpaka wa kuukumbuka ni kizazi cha 8. Chini ya hapo, karibu prosesa zote za Intel, kampuni inayotengeneza hizi Core, hazimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Bei ya kizazi cha 6 au cha 7 lazima ionyeshe hilo.

Herufi ya mwisho watu huipuuza, nami naona ina uzito kuliko hiyo i5 au i7. U ni prosesa ya umeme mdogo, kwa kawaida wati 15. H ni ya kazi nzito, kwa kawaida wati 45: i7-8750H ina viini 6. Anayechaji kwa sola kijijini atafaidika na U, mwenye studio ya video atafute H. Ukikuta Y katikati ya namba, kama i7-7Y75, hiyo ni ya wati 4.5 tu, hata kama imeandikwa i7.

AMD, kampuni nyingine ya prosesa, nao wana mtego wao. Ryzen 5 7520U na Ryzen 5 7530U zinaonekana ndugu wa tumbo moja. Tazama tarakimu ya tatu: 2 ni muundo wa Zen 2, wa mwaka 2019, na 3 ni Zen 3. Ya kwanza ina viini 4, ya pili viini 6. Ile 7 ya mwanzo ni mwaka wa toleo tu.

Gigahezi nazo usizilinganishe kati ya vizazi. Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8 mwaka 2004, na haiikaribii i5-8250U ambayo kasi yake ya msingi ni 1.6.

Kuhakiki, mwambie muuzaji abonyeze Ctrl+Shift+Esc, aingie "Performance", kisha "CPU", akutumie picha. Utaona jina, idadi ya viini kwenye "Cores" na kasi ya msingi kwenye "Base speed". Jina linaweza kuchezewa ndani ya Windows hadi mashine iwashwe upya, kwa hiyo omba pia picha ya BIOS, ile skrini ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Stika usiiamini.

Ikishafika mkononi, endesha kipimo cha programu ya 7-Zip (Tools, halafu Benchmark) kwa dakika kumi huku unatazama kasi. Ikiganda chini ya gigahezi 1 tangu mwanzo, jaribu kwanza chaja nyingine, maana baadhi ya mashine hujibana zisipoitambua chaja. Ikianza vizuri kisha ikashuka chini ya kasi ya msingi, mara nyingi ni joto: vumbi la kiangazi limeziba njia ya hewa, au pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa imekauka. Fungua mfuniko wa chini, zuia feni kwa kijiti isizunguke unapopuliza vumbi, ondoa chuma cha kupooza kinachofunika prosesa, futa pesti ya zamani kwa spiriti, paka mpya kiasi cha punje ya mchele, rudisha chuma na mfuniko, kisha rudia kipimo.