Siku moja maishani mwangu: koili ya sita

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshaketi barazani, nyumbani kwetu Mwanga, Kigoma, mbele ya hesabu iliyoninyima usingizi usiku kucha. Mimi ni mwanafizikia. Utafiti wangu unahusu muungano wa viini vya atomi, chanzo cha nishati ya jua, na hasa namna ya kuifungia plazima, yaani gesi yenye joto kali mno iliyojaa chembe zenye chaji, ndani ya ugasumaku katika mashine zenye umbo la pete ziitwazo tokamaki. Kikundi chetu kiko Ulaya na mashine iko huko huko, lakini kila mwaka hurudi kwa miezi michache kukaa na mama, na uchambuzi wa data naufanyia hapa.

Kwenye kuta za mashine, kuizunguka pete, zimepangwa koili ndogo za waya zinazopima mabadiliko ya ugasumaku. Plazima inapoanza kuharibika, huzuka ndani yake msukosuko unaozunguka pamoja nayo, na kila koili huupokea ikiwa imechelewa kidogo kuliko jirani yake. Kutokana na kuchelewa huko tunajua msukosuko unajirudia mara ngapi katika mzunguko mmoja wa pete. Jibu lazima liwe namba nzima, kwa kuwa pete haina mwanzo wala mwisho. Mimi nilikuwa nikipata moja na robo.

Saa moja tulikunywa chai kwa mihogo, na saa tano nikaingia kwenye kikao cha mtandaoni, ambako wenzangu walidhani programu yangu ndiyo yenye kosa. Nami nilidhani hivyo.

Saa saba ilinyesha mvua kubwa ya Aprili na mtandao ukapotea. Nikachukua daftari, nikachora kwa mkono data ya pigo moja, maana kila jaribio la mashine sisi huliita pigo. Kila koili ilikuwa na nukta yake: tano zilikaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ya sita ilikuwa mbali nao kwa nusu hasa ya mzunguko wa wimbi. Programu ilikuwa ikijitahidi kuupitisha mstari katikati ya zote sita, na kwa kufanya hivyo ilinificha jambo ambalo penseli ilinionyesha kwa dakika kumi. Nusu mzunguko maana yake ni kwamba alama ya koili imegeuzwa, chanya imeandikwa hasi.

Saa kumi alikuja binti wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha sita. "Shikamoo dada," akasema, kisha akauliza kwa nini isitoshe kuizungushia pete sumaku za kawaida. Mama alikuwa akitengeneza ngata ya majani makavu ya mgomba, nikaiomba. Nilimwonyesha kwamba ugasumaku una nguvu zaidi upande wa tundu kuliko upande wa nje, hivyo chembe zenye chaji chanya huelea upande mmoja, juu au chini, na zenye chaji hasi upande wa pili, kisha umeme unaozaliwa kati yao huisukuma plazima yote nje. Dawa yake ni kuisokota mistari ya ugasumaku, kama ukanda wa jani unavyoizunguka ngata kimshazari, ili juu na chini viunganishwe. Katika tokamaki msokoto huo hutokana na mkondo wa umeme unaopita ndani ya plazima yenyewe, na hapo ndipo penye hatari yake: msukosuko ukiacha kuzunguka, mara nyingi plazima hukatika na mkondo wote huzimika kwa milisekunde chache. ITER, tokamaki kubwa ya kimataifa inayojengwa Cadarache, Ufaransa, imekusudiwa kubeba ampea milioni 15. Mkondo kama huo ukizimika ghafla, mashine nzima hutikiswa kwa nguvu kubwa mno, na ndiyo maana nimezitolea milisekunde hizo miaka yangu ya kazi.

Akauliza kama umeme wa muungano huo wa viini umeshapatikana. Nilimjibu kwamba tarehe 3 Oktoba 2023 mashine ya JET, Uingereza, ilitoa megajuli 69 katika pigo moja, kwa miligramu 0.2 tu za fueli. Hizo ni kama uniti 19 za LUKU, lakini ni joto, si umeme, na kuipasha plazima moto kulikula nishati zaidi ya hiyo. Alinyamaza kidogo, akaandika namba hizo.

Mtandao ulirudi saa moja usiku. Nikafungua mapigo ya majaribio yasiyo na plazima, ambamo ugasumaku unajulikana mapema: koili tano zilisoma chanya, ya sita hasi, kuanzia pigo la kwanza baada ya matengenezo. Rasimu ya makala yetu ilikuwa ipelekwe wiki hii. Niliwaandikia wenzangu kwamba naiondoa safu nzima ya matokeo ya mapigo hayo, nami ndiye niliyepaswa kuyahakiki.

Saa nne usiku, taa za wavuvi wa dagaa zikiwa zimeenea ziwani, nilianza kuhesabu upya. Pigo la kwanza lilitoa moja. La pili, moja. La tatu likatoa mbili, jambo ambalo hatukuwa tumelitarajia, nikasogeza kiti karibu.