Nilivyokula Thailand nikashiba bila kugusa nguruwe

Wafanyabiashara wengi wa nguo tunaokwenda Bangkok tunaishia kwenye kuku na chipsi, au tunabeba tambi za pakiti kutoka nyumbani. Sababu ni hofu ya nguruwe, na hofu hiyo ina msingi. Kule nguruwe yumo hata pale usipomwona. Supu ya tambi huchemshwa kwa mifupa yake, vile vidonge vya nyama vinavyoelea ndani mara nyingi ni vyake, na nyama ya kusaga inayokaangwa na majani ya mrehani mara nyingi ni yake pia. Tambi za mashua, zinazopendwa sana Bangkok, hutiwa damu ili mchuzi uwe mzito. Lakini kukaa Thailand na kurudi hujala chakula chao ni hasara kubwa, ndiyo maana naeleza nilivyofanya mimi.

Nilianzia msikitini. Soko la Pratunam, ambako wengi wetu tunanunua mzigo, liko pembeni mwa barabara ya Phetchaburi. Ukiifuata barabara hiyo kwa miguu kuelekea kituo cha treni ya juu cha Ratchathewi, utafika uchochoro namba 7, na ndani yake kuna Msikiti wa Darul Aman. Huo uchochoro ni wa chakula. Ng'ambo ya pili ya barabara, kando ya mfereji wa Saen Saep, kuna mtaa wa Ban Krua, wa Waislamu wenye asili ya Kicham, kabila la Kambodia na Vietnam, waliosifika kwa ufumaji wa hariri. Kwa hiyo watu hawa hawajafungua hoteli kwa ajili ya wageni wa Kiislamu. Wako hapo kizazi baada ya kizazi, na wanachopika ni chakula cha Kithai kamili, kikiwa halali.

Hapo ndipo nilipokutana na supu ya mkia wa ng'ombe. Sisi supu tunaijua, tumeinywa na chapati tangu utotoni, lakini hii ni nyingine kabisa. Mchuzi wake ni mwepesi, mkia umechemka mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe. Kabla ya kukupa, muuzaji anaponda pilipili kichaa chini ya bakuli, anakamulia ndimu nyingi, anamimina supu ya moto, kisha juu anamwaga vitunguu vya kukaanga na kotmiri. Uchachu unatangulia, pilipili inafuata, halafu mafuta ya mkia yanakuja kutuliza. Unakula na wali mweupe. Nilipotoka hapo sikuwa na wazo tena la tambi za pakiti.

Jirani yake wanauza khao mok kai, ambao ni ndugu wa biriani: wali wa manjano uliopikwa na kuku, vitunguu vya kukaanga juu, na pembeni kijibakuli cha mchuzi wa kijani wenye nanaa, kotmiri, siki na sukari. Ule mchuzi mwagia, usiuache. Ndio unaouamsha wali.

Nje ya mitaa ya Waislamu inabidi kutumia macho. Kwenye bidhaa za dukani natafuta alama ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand, yenye umbo la almasi na maandishi ya Kiarabu katikati. Iko kwenye biskuti, maziwa, hata tambi za kikombe. Mama ntilie wa barabarani wengi hawana cheti. Wao hutundika kibao chenye mwezi na nyota, na mara nyingi muuzaji mwenyewe amevaa ushungi. Kwa kuuliza, sema "ahan Islam", chakula cha Kiislamu. Ukisema "halali" wengine wanabaki wanakutazama. Kuna pia vibao vya njano vyenye maandishi mekundu, vya chakula cha "je": hakina nyama wala mchuzi wa samaki, na kimeniokoa mara nyingi sehemu zisizo na Mwislamu hata mmoja.

Sentensi niliyoikariri ni "kin mu mai dai kha", siwezi kula nguruwe. Mwanamume anamalizia na "khrap" badala ya "kha". Wanaipokea kwa heshima. Ila sentensi hiyo haioshi kikaango. Muuzaji anaweza kukubadilishia nyama ya kuku kwa moyo mweupe kabisa, halafu akaikaanga palepale alipomkaangia mwenzako nguruwe. Kwa hiyo msimamo wangu ukawa huu: kwenye jiko la mchanganyiko sinunui kitu kinachopita kikaangoni, nanunua kwa muuzaji anayefanya kitu kimoja tu. Samaki wa kuchoma ni mfano mzuri. Wanampaka samaki mzima chumvi nene nje, wanamjaza mchaichai tumboni, wanamweka juu ya mkaa. Ukifika mezani unalibandua lile gamba la chumvi pamoja na ngozi, ndani nyama ni nyeupe na ina maji yake.

Mfano mwingine ni som tam, saladi ya papai bichi kutoka Isan, kaskazini mashariki mwa nchi. Hii ilinifundisha ladha za Kithai kuliko chakula kingine chochote, kwa sababu inatengenezwa mbele yako. Kinu cha udongo, mchi wa mti. Muuzaji anaanza na kitunguu saumu na pilipili, anaongeza sukari ya mnazi, mchuzi wa samaki, ndimu, maharage mabichi marefu, nyanya, kamba wakavu na karanga, mwisho papai lililokatwa nyuzinyuzi. Mkono mmoja unatwanga polepole, mwingine unageuza kwa kijiko. Kwenye pilipili simama karibu. Niliyemzoea mimi, mama mtu mzima niliyekuwa namwita "pa" kama wanavyowaita mashangazi zao, alikuwa anazinyanyua juu nizione, nami namwonyesha kidole kimoja. Akimaliza ananipa ule mchuzi kwenye kijiko nionje. Nikisema haujakolea, anaongeza ndimu na kutwanga tena. Naagiza som tam Thai. Ile yenye kaa wabichi wa chumvi naiacha. Unaila na wali wa kunata, unaumega kwa vidole, unabonyeza tonge dogo, unachovya. Kwetu sisi hapo hakuna la kufundishwa.

Vyakula vingine huliwa kwa kijiko na uma: kijiko mkono wa kulia ndicho kinachokwenda mdomoni, uma ni wa kusukumia. Vijiti ni vya tambi. Wali kila mtu ana wake, vitoweo vinakaa katikati, na unachota kidogo kidogo badala ya kurundika. Mezani utakuta vikopo vinne: sukari, pilipili ya unga, mchuzi wa samaki, na siki yenye pilipili. Vyote ni vya tambi, sukari pia. Onja kwanza, kisha rekebisha mwenyewe. Hakuna mpishi atakayenuna.

Mtu wa pwani aliyechoka na vitu vigeni namshauri aagize massaman. Ni mchuzi wa tui la nazi wenye viazi, karanga na ukwaju, na ndani yake kuna iliki, mdalasini, karafuu na bizari nyembamba, viungo vyetu vya pilau. Asili yake inahusishwa na wafanyabiashara Waislamu waliofika zamani Siam, jina la kale la Thailand. Mfalme Rama wa Pili, aliyetawala kuanzia 1809 hadi 1824, aliutaja katika mashairi yake, akaisifu harufu ya bizari hiyo. Ule wa nyama ya ng'ombe uliolala usiku mmoja ndio bora, na wapishi wenyewe wanakubali.

Safari iliyofuata nilipanda treni ya usiku mpaka Chiang Mai, kaskazini, kwa ajili ya khao soi tu. Ni tambi za mayai ndani ya mchuzi wa nazi wenye manjano, juu zimewekwa tambi nyingine zilizokaangwa mpaka zikakauka, na pembeni unapewa mboga ya haradali ya kuchachusha, vitunguu vibichi na ndimu. Chakula hiki kinahusishwa na Waislamu wa Kichina kutoka jimbo la Yunnan, waliokuwa wakishuka na misafara ya nyumbu kufanya biashara. Vizazi vyao bado wako karibu na Msikiti wa Ban Haw, jirani na soko la usiku, na kila Ijumaa asubuhi kuna gulio lao. Bakuli la khao soi, kama sahani nyingi za mitaani Thailand, utalipia kati ya baht (pesa ya Thailand) 50 na 100. Wahi gulioni, kwa sababu adhuhuri ikikaribia wanaanza kufunga vibanda. Nenda na noti ndogondogo, na usinywe chai hotelini: pale gulioni chai ya maziwa ipo.