Spaida mweusi na kosa langu la ukurasa wa 3

Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kumtafutia fulana. Anatimiza miaka 8, na maagizo alishanipa tangu mwezi unaanza: anataka ya Venom, lile jitu la katuni za Spider-Man, ambaye mtaani tunamwita Spaida. Machinga wa kwanza tuliyemfikia akatukunjulia nyeusi, buibui mweupe kifuani, meno yamejaa hadi kwapani.

"Spaida mweusi huyo, bosi. Elfu kumi, mzigo mpya."

"Si Spaida," mtoto akamrekebisha. "Spaida hana meno."

"Basi meno nakupa bure. Lete elfu tisa."

Tukamalizana kwa elfu nane. Ndani ya daladala, fulana kaipakata kama kitoto cha paka, akaniuliza, "Anko, Venom ni adui au steringi?"

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tungelijibu swali hilo usingizini. Steringi hafi, adui anakufa, watu wanarudi makwao. Lakini kwa Venom nilibabaika, na si kwa kutomjua. Nilimkuta miaka mingi iliyopita pale Posta, kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa chini, kati ya kitabu cha uhasibu na riwaya isiyo na jalada. Nilimsoma kipindi ambacho sikuwa na kazi. Kwa nini sikuwa na kazi, nitafika huko.

Wachora katuni wa Marekani wana mchezo wao wa zamani. Steringi akishapendwa, anatengenezewa pacha mwovu: nguvu zile zile, vazi lile lile limebadilishwa rangi. Superman ana Bizarro wake, Flash ana mwenzake wa njano anayekimbia kama yeye. Mara nyingi, nisiwafiche, ni uvivu. Mchoraji anageuza rangi, mwandishi anageuza tabia, mwisho wa mwezi umefika. Venom naye angeweza kuishia hapo hapo, maana chanzo chake ni nguo tu.

Mwaka 1982 msomaji mmoja wa Illinois aliwaandikia Marvel, kampuni inayotoa katuni hizo, akipendekeza Spider-Man avae nyeusi. Mhariri mkuu wa wakati huo, Jim Shooter, akalinunua wazo lake kwa dola 220. Ndiyo, dola 220, kwa kitu ambacho leo kiko kwenye fulana, mabegi ya shule na mataulo dunia nzima. Mwaka 1984 nguo ikatoka. Katika hadithi, Spaida yuko sayari ya mbali vitani, vazi lake limechanika, anakuta mashine, mashine inamtolea donge jeusi. Donge linamtambaa mkononi hadi mwili mzima, linakuwa vazi. Na vazi gani! Halifuliwi, halishonwi, linatoa utando lenyewe, na mwenye nalo akifikiria suruali na shati, linageuka suruali na shati. Akarudi nalo New York akijiona kaokota dhahabu.

Kumbe usiku akishalala, vazi linamvaa na kumtembeza mjini yeye akiwa anakoroma. Asubuhi anaamka hoi, hajui kwa nini. Akampelekea mwanasayansi Reed Richards alipime. Majibu: si kitambaa, ni kiumbe hai, kimelea, na kinataka kumganda maisha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilipofika ukurasa huo nilicheka peke yangu kitandani. Sijawahi kuona methali yetu ikichorwa neno kwa neno namna ile, tena na watu ambao nadhani hawajapata kuisikia.

Na methali hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini Venom anatisha kuliko maadui wengine wa Spaida. Spaida ana machale. Hatari ikimkaribia kwa nyuma kichwa kinamcheza, anakwepa kabla hajaona. Lakini kimelea kile kilishamwonja, kilishamkaa mwilini, machale yanakihesabu kuwa ni yeye mwenyewe. Hayachezi. Kuna hadithi ya 1986, kabla sura ya Venom haijaonekana popote, ambapo mkono tu unamsukuma Peter Parker, ndiye Spaida akiwa hajavaa vazi, kutoka nyuma, anaangukia relini treni inakuja. Machale kimya. Msomaji alisubiri karibu miaka miwili kujua mkono ule ni wa nani.

Jibu lilikamilika toleo la 300 la The Amazing Spider-Man, Mei 1988, limeandikwa na David Michelinie na kuchorwa na Todd McFarlane. Toleo linalotangulia linaishia na Mary Jane, mke wa Peter, hata mwaka hajamaliza ndani ya ndoa, anaingia kwao jioni, nyumba giza, na jitu jeusi lenye meno linamsalimia kama mume aliyetoka kazini. McFarlane ndiye aliyempa meno yale. Ulimi mrefu wa kudondosha mate ulikuja kuvutwa baadaye na Erik Larsen. Watoto wanapenda ulimi. Mimi nasimama na meno.

Lakini hayo yote ni nguo. Aliyemo ndani ya nguo ndiye kanikamata mimi: Eddie Brock, mwandishi wa habari.

Eddie anaandikia gazeti la Daily Globe. Mjini kuna muuaji anayejiita Sin-Eater. Mtu mmoja, Emil Gregg, anamfuata Eddie na kumwambia muuaji ni yeye. Eddie anamhoji, anaandika mfululizo, gazeti linauzika. Kisha Spaida anamkamata Sin-Eater wa kweli, na ni mpelelezi wa polisi, Stan Carter. Gregg alikuwa jirani yake tu, na akili zake hazikuwa sawa. Eddie anafukuzwa kazi, mke anaondoka, analia njaa kwenye vijarida vya udaku. Siku anaingia kanisani akiwa na mawazo ya kujiua, juu yake, kwenye mnara wa kengele, kimelea kilichokataliwa na Spaida kinasubiri mtu. Wawili waliokataliwa wakakutana, wakaungana, na tangu siku hiyo Eddie hasemi tena "mimi". Anasema "sisi".

Angalieni hasira zake zimeelekea wapi. Hakumchukia Gregg aliyemdanganya. Hakujichukia yeye aliyeandika bila kuhakiki. Alimchukia aliyemkamata muuaji wa kweli.

Sasa nimefika kwangu.

Mwaka 2009 nilikuwa naandika habari za mahakamani kwenye gazeti moja hapa Dar. Siku moja foleni ikaniweka, nikafika kesi ya kupokea mali ya wizi imeshasomwa. Nikaazima daftari la mwenzangu wa gazeti jingine. Yeye alikuwa na majina mawili ya mshtakiwa, na mtaa anakoishi. Majina mawili hayo na mtaa huo mimi nilikuwa namjua mtu: ana duka la vifaa vya ujenzi, nilishanunua kwake misumari. Nikajazia jina la tatu kutoka kichwani. Hati ya mashtaka ilikuwa kwa karani, hatua kumi na tano kutoka nilipokaa. Sikwenda. Dedilaini ilikuwa saa kumi.

Habari ikatoka ukurasa wa 3. Jina langu juu, jina lake mstari wa kwanza. Hakuwa yeye.

Alikuja ofisini siku ya tatu. Kipande cha gazeti alikuwa amekikunja mara nne, kakitia ndani ya mfuko wa nailoni, ule wa kufungia sukari robo, kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa. Akakitoa taratibu, akakilaza juu ya meza yangu, akakinyoosha kwa kiganja. Shati lake lilikuwa na vumbi la saruji begani. Hakupandisha sauti.

"Ndugu yangu, wewe ndiye uliyeandika hii?"

Nikamwambia, "Tuliandika kulingana na taarifa tulizopata."

Akatazama nyuma yangu, kushoto, kulia, kama anayetafuta hao wengine. Kisha akaweka kidole juu ya jina langu.

"Hapa naona jina moja."

Gazeti liliomba radhi ukurasa wa 2, chini kabisa, mistari minne. Mkataba wangu ulipoisha haukuhuishwa. Na mimi, badala ya kumfikiria yule mzee ambaye wateja walianza kupita duka lake kama hawalioni, nilikaa mwaka mzima nikiwalaani watu: mwenye daftari, mhariri wa zamu ambaye hakuniuliza, karani ambaye hata hakujua nipo, na zaidi ya wote mwandishi kijana wa gazeti jingine aliyeandika siku iliyofuata jina sahihi la mshtakiwa. Huyo nilimchukia kwa moyo wote. Nilikuwa nikiona jina lake juu ya habari natupa gazeti. Alikuwa amenikosea nini? Alikwenda kwa karani.

Ndipo nikamsoma Eddie Brock, na nikaona aibu ambayo mistari minne ya radhi haikuwahi kunipa.

Watu huuliza kwa nini Venom ni mwovu wakati wao wawili, yeye na Spaida, wana nguvu sawa. Wanatazama vazi. Tazama kosa. Peter Parker naye anaanza na kosa, tangu 1962: mwizi anapita mbele yake, anaweza kumzuia, anamwacha akisema hiyo si kazi yake, na mwizi huyo huyo anamuua Mjomba Ben aliyemlea. Peter angeweza kuwalaumu polisi, angemlaumu mlinzi, angesema "tulizembea". Alisema ni mimi, na kalibeba mpaka leo. Wote wawili wanakula kwa gazeti, mmoja kwa kamera mwingine kwa kalamu. Wote wawili uzembe wa dakika chache umewaharibia maisha. Pacha mwovu ninayemjua mimi anaanzia hapo, kwenye kiwakilishi.

Ndiyo maana filamu ya 2007, Spider-Man 3, iliniudhi. Humo Eddie ni mpiga picha anayeghushi picha makusudi. Wamemfanya tapeli, na tapeli hana jipya la kunifundisha. Eddie wa kitabuni hakusema uongo. Aliamini, na aliona raha kuamini kwa sababu stori ilikuwa tamu. Wangapi tuliopita kwenye chumba cha habari hatujui raha hiyo?

Hata namna anavyoshindwa katika toleo lile la 300 naipenda. Spaida hamzidi nguvu. Anagundua kwamba utando wa Venom unatokana na mwili wa kimelea chenyewe, basi anamchokoza, anamkimbiza, anamwacha arushe na arushe, hadi kimelea kinajimaliza na Eddie anabaki hana cha kurusha. Mary Jane kwa upande wake anamwomba mumewe aachane na nyeusi (alikuwa ameshonewa ya kitambaa cha kawaida inayofanana na ile). Peter anarudia nyekundu na buluu. Mke kasema hataki kuiona tena ndani, imekwisha.

Mpwa wangu nilimjibu, tukiwa tumeshapita Buguruni, kwamba Venom ni mtu aliyekosea halafu akamkasirikia mwenzake. Akafikiri kidogo. "Kama dada akimwaga maziwa?" Kama dada akimwaga maziwa, ndiyo. Aliridhika, akaendelea kuyahesabu meno. Yako 34, fulana hiyo.

Ningeishia hapo, ila jana jioni dada yangu kanitumia picha ya beseni. Fulana ya Venom ilikuwa imelowekwa pamoja na mashati ya shule ya mtoto, mashati mawili meupe, na sasa yote rangi ya maji ya mkaa. Buibui wa kifuani ndiye aliyebaki mweupe peke yake. Chini ya picha kaandika: "Nani kanunua hii kitu?"

Nikaanza kuandika, "Tulikuwa Kariakoo, machinga akatuambia..." Nikafuta.

"Mimi."

"Basi tuma elfu ishirini na tano ya mashati, kesho ana shule."