Lete Mtoto, Dada

Ukisimama kwenye daladala za Mbagala, Dar es Salaam, na mkoba mkononi, aliyekaa mbele yako haulizi unaitwa nani wala unatoka wapi. Ananyoosha mkono tu: "Lete nikupakatie." Nimepanda magari ya Rangi Tatu hadi Kariakoo miaka mingi, na neno hilo bado linanigusa, kwa sababu kuna siku nilichopakatiwa hakikuwa mkoba.

Ilikuwa mwaka 2021. Barabara ya Kilwa imechimbwa kwa ujenzi wa njia za mabasi ya mwendokasi, vumbi na foleni tangu alfajiri. Mwanangu alikuwa na miezi minane, na kila asubuhi nilimpeleka kwa bibi yake, karibu na kwa Aziz Ali, ndipo niende dukani Kariakoo tunakouza vitambaa. Siku nyingine nilikuwa nageuza na gari, yaani napanda likiwa linaelekea Rangi Tatu, nalipa nauli mara mbili ili mradi nikae. Siku hiyo nilichelewa. Nikadandia lililojaa, mtoto mkono mmoja, begi la nepi na chupa ya uji begani. Konda ananisukuma huku anaita, "Rudini nyuma, nyuma kweupe!"

Siti ya dirishani alikaa kijana mwenye ovaroli ya gereji, ukucha wa kidole gumba umevilia damu. "Lete mtoto, dada."

Nilisita. Nadhani aliona, ila akaelewa vingine. Akaitazama ovaroli yake iliyojaa oili, akasema, "Nipe na kanga kwanza, nisimchafue." Akaitandika mapajani, akainyoosha mikunjo kama anatandika kitanda, ndipo akampokea.

Mwanangu alikuwa wa kulia kwa wageni. Hakulia. Alimshika kidole kile chenye ukucha mweusi, akasinzia. Kichwa kikawa kinaangukia mbele, kwenye lile bomba la siti. Kijana akaweka kiganja chake katikati. Kila dereva alipoingia shimoni, kichwa cha mtoto kilitua kwenye kiganja, na vifundo vya vidole vikagonga chuma. Nilikuwa nimesimama juu yake, nasikia ule mgongo wa mkono unavyogonga. Hakuuondoa mpaka tunafika.

"Aziz Ali, shusha!" Kupenya hadi mlangoni ilikuwa kazi, nikawaza nitapitaje na mtoto. Watu wakaniambia tangulia, atakuja dirishani. Nikashuka, nikazunguka, nikampokea kwa juu, bado amelala, amefungwa vizuri ndani ya kanga. Likafuata begi. Gari limeshaanza kutembea nikasikia, "Dada, kiatu!" Alikitoa mfuko wa kifuani. Kilikuwa kimevuka njiani, mimi sikuona, yeye akakiokota akakihifadhi. Kikadondoka miguuni pangu. Nilipaza sauti kumshukuru, lakini gari lilishaingia kwenye vumbi.

Sijawahi kukutana naye tena. Mwanangu sasa yuko shule ya awali, na kanga ile ninayo.

Jumanne iliyopita nilipata siti. Kituo kimoja njiani konda alitaka kumwacha mtoto wa shule, kisa nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa nyuma akamkemea: "Mpakie, baba! Na wewe una mtoto anasubiri kituoni hivyohivyo." Akapandishwa. Darasa la tatu hivi, begi mgongoni, fagio la chelewa mkono huu, kidumu cha maji mkono huu.

"Lete nikupakatie, mwanangu."

"Shikamoo mama," akasema, akanipa vyote.

Kifuniko cha kidumu kilikuwa kimelegea. Maji yakaanza kulowanisha gauni langu, nikakibana kwa kidole gumba njia nzima, maana maji yale alikuwa anatakiwa afike nayo shuleni. Aliposhuka nilimpitishia dirishani begi, kisha kidumu, kisha fagio. Halafu nikainama kuangalia chini ya siti kama kuna kitu kimebaki.